Jiwe, Bukta na Giaboksi

Jumatatu, 3 Machi

Limefanya tena! Pale kwenye mataa ya mlimani, asubuhi, watu wote wakitazama. Gia iko D, mguu uko kwenye mafuta, injini inanguruma, na gari linarudi nyuma. Nyuma! Na nyuma yangu alikuwepo muuza mikate na baiskeli yake. Sijapata kuona mtu mnene akiruka vile. Mikate ilisalimika. Matusi niliyoyapata hayaandikiki.

Mke wangu, Mama Watoto, alikuwa kando yangu. Alikuwa amepakata jiwe lake kama kawaida. Hilo jiwe ni la kuzuia gurudumu la nyuma, maana hata ukiweka gia ya kuegesha, P, gari hujiondokea lenyewe, na hendibreki ilikata waya tangu mwaka juzi. Mimi nakanyaga breki, yeye anashuka na jiwe, analisukumia chini ya tairi, anagonga bodi, ndipo nami nashuka. Tumezoea. Majirani pia wamezoea.

Tulipofika nyumbani ndipo aliposema. Nichague: giaboksi ibadilishwe, au yeye na jiwe lake wataanza kutembea kwa miguu.

Fundi wa magari anasema ugonjwa ni wa kiwandani. Magari yote ya aina hii yana giaboksi zinazoponyoka. Kampuni iliyotuuzia inasema ni uzembe wa madereva. Uzembe! Mimi!

Jumanne, 4 Machi

Mkutano wa Umoja wa Wenye Magari Yanayoponyoka, dukani kwa mwenzetu fundi cherehani. Dai letu ni moja. Kampuni iyaite magari yote yarudi, ibadilishe giaboksi bure, kabla mtu hajafa.

Mimi ni katibu. Mwenyekiti ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, tunamwita Bwana Utaratibu kwa sababu hapigi hata chafya bila kuomba ruhusa ya kikao. Ana gari kama langu. Rangi kama ya langu. Lake linaponyoka zaidi, na anajivunia.

Akasimama mkunga wa zahanati. Juzi aliegesha uani kwake, akaweka P, akazunguka nyuma kutoa mkoba. Gari likaondoka. Bintiye alikuwa ameketi kwenye ngazi akifunga kamba za viatu. Mkunga alimvuta kwa ukosi wa sare, mtoto akatoka, ukosi ukabaki mkononi. Akautoa kwenye pochi akauweka mezani, katikati ya pini na sindano. Nikafikiria wanangu.

Kisha tukagombana. Kila mmoja alitaka gari lake ndilo liwe gari la ushahidi. Nikajitolea langu. Bwana Utaratibu akasema tupige kura. Wakalichagua lake! Hata fundi cherehani, ambaye nilimnunulia soda kwa kazi hiyohiyo. Shukrani ya punda ni mateke.

Mimi nikapewa kuandika malalamiko na kuambatanisha picha ya gari lililowekewa jiwe. Walikubaliana kwamba jiwe letu ndilo zuri kuliko yote. Angalau.

Jumatano, 5 Machi

Nimeosha gari, nimepiga picha. Picha safi! Gari linang'aa, jiwe linaonekana vizuri chini ya tairi, nyuma yake kamba ya nguo. Kwenye kamba ilikuwepo bukta yangu ya mistari ya zambarau na maua ya njano, aliyonishonea Mama Mkwe kwa kitambaa kilichobaki cha mapazia yake. Sikujali. Hawatazami bukta, wanatazama jiwe.

Malalamiko nimeyaandika kwa moyo wote. Nimeandika "kifo kinatunyemelea katika kila egesho". Nimeyasoma kwa sauti hadi Mama Watoto akafunga mlango.

Halafu nikakaa. Nikawaza. Kampuni ikikataa je? Tutabaki na magari ambayo nchi nzima inajua ni mabovu, na hayo mabovu nimeyatangaza mimi mwenyewe. Nani atanunua? Sasa hivi, kabla habari haijaenea, bado mtu anaweza kununua. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Nimekata picha ileile kwa chini, jiwe likatoka. Nimeiweka kwenye ukurasa wa matangazo ya mauzo. Nimeandika: giaboksi haina tatizo, P inashika kama gundi. Nimejisikia mwepesi.

Ijumaa, 7 Machi

Mteja amepiga simu! Sauti ya upole, sauti ya mtu anayeamini watu. Akauliza kama gari halina shida kwenye vilima. Nikamwambia linapenda vilima. Hapo sikusema uongo, linavipenda mno, hasa kuvishuka.

Nilipokata simu nikamwona mkunga akipita barabarani na bintiye, wamelishika begi la shule huku na huku. Akanisalimia, akaniita katibu wetu. Nikaingia ndani haraka. Mteja ni mtu mzima, nilijiambia. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jioni Bwana Utaratibu akaja na habari. Kampuni imekubali kutusikiliza Jumatatu, ofisini kwao! Akanitaka nije na tai. Nilikuwa nimekusudia kwenda na tai. Sasa nikienda nayo ataona nimemtii.

Na hapo wazo likanijia, tena wazo lenyewe ni la thamani. Nimempigia mteja, nimemwambia anikute Jumatatu saa tano kwenye ua wa kampuni. Akilikuta gari pale atadhani limetoka kufanyiwa sevisi na wenyewe. Ndege wawili kwa jiwe moja! Asubuhi natetea haki za umma, mchana nauza gari.

Jumapili, 9 Machi

Nimeosha tena. Nimepaka mafuta matairi.

Tatizo ni jiwe. Mteja akilikuta jiwe chini ya tairi biashara imeisha. Lakini ua wa kampuni una mteremko, kutoka ofisini hadi kwenye chumba cha kioo wanamopanga magari mapya. Nimetafakari. P mara nyingi inashika. Tatizo ni zile siku isiposhika. Kwa nini iwe kesho?

Mama Mkwe amewasili kutwa nzima kabla ya siku aliyosema, kama kawaida yake. Macho yanamsumbua, ana kliniki kesho adhuhuri. Mama Watoto ana zamu kazini, akaniagiza nimpitishe Mama kliniki baada ya mkutano. Nilijaribu kusema gari lina shughuli. Mama Mkwe akaniangalia. Nikasema naam, Mama, shikamoo, tutaondoka saa tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Leo sijui nianzie wapi. Nitaandika hivyo hivyo.

Tulifika mapema. Nikaegesha juu ya ua, pua ikitazama ofisi. P. Nikasikiliza. Kimya. Mama Mkwe akauliza mbona hatuweki jiwe, binti yake huweka. Nikamwambia ua wa kampuni ni tambarare, ni macho yake tu yanamdanganya. Jiwe lilikuwa kwenye buti, chini ya gunia. Nikamwachia redio na kikapu chake, nikafunga tai, nikaingia.

Mhandisi wa kampuni alitupokea vizuri. Maji ya chupa, viti vya kuzunguka. Bwana Utaratibu akasoma ajenda. Mkunga akauweka ukosi mezani. Nikaona mhandisi ameushika, akaugeuza upande wa pili. Nikajua tumempata.

Lakini wakubwa wake walikuwa wamempa kazi yake. Akawasha projekta. Ukutani ikatokea picha yangu ya malalamiko, gari na jiwe. Akasema kampuni imesikitika. Kisha pembeni yake ikatokea picha ya pili. Gari, bila jiwe. Na maandishi: giaboksi haina tatizo, P inashika kama gundi.

Nilisema upesi kwamba magari ya aina hii yanafanana. Kwamba hata la mwenyekiti ni rangi hiyohiyo. Wazo zuri, kwa mtu aliyekuwa anazama. Watu wakaanza kumgeukia Bwana Utaratibu, naye akaanza kutoa jasho.

Fundi cherehani akanyoosha kidole. Akasema kazi yake ni nguo. Akauliza, ni wanaume wangapi duniani wenye bukta ya mapazia?

Zambarau na njano, picha ya kwanza. Zambarau na njano, picha ya pili. Ukuta mzima bukta!

Mhandisi akasema, kwa upole, kwamba kama katibu wa umoja anauza gari lake akiapa ni zima, kampuni itaaminije wengine? Bwana Utaratibu alifungua mdomo akakosa utaratibu wa jambo kama lile. Mkunga akavuta pochi yake. Akaanza kuurudisha ukosi kwenye pochi, taratibu, anaukunja. Hilo ndilo lililoniuma. Nilitamani anitukane.

Ndipo nje ikasikika sauti. Sauti naijua. Ilikuwa ikiniita kwa jina langu kamili, ambalo Mama Mkwe hulitumia akikasirika tu.

Nikatoka mbio. Gari lilikuwa linashuka. Polepole kwanza, halafu si polepole. Mama Mkwe nyuma ya kioo, kikapu kifuani, mkono mmoja umeshika dashibodi kana kwamba anaweza kulizuia. Nilikimbia. Nilishika kioo cha pembeni, kikang'oka nikabaki nacho. Nikaanguka. Nikainuka. Nililia, na sioni haya kuandika, nililia "Mama! Mama yangu!" kama mtoto aliyepotea sokoni. Sikufikiria mteja. Sikufikiria kitu chochote ila nitamwambia nini Mama Watoto.

Likavunja uzio wa maua. Likaingia kwenye chumba cha kioo kwa matako. Kioo chote chini! Likagota kwenye gari jipya lililofungwa utepe.

Nikafungua mlango. Mama Mkwe amekaa vilevile. Hana hata mkwaruzo. Nikapiga magoti kwenye vioo. Akaniuliza swali moja. Nani amelitoa jiwe?

Mhandisi alifika akihema. Akachungulia ndani. Gia iko P. Akaishika, akaitikisa, P. Kiti cha dereva hakina mtu, nami nilikuwa chumbani kwake natazama bukta yangu. Hakuna dereva wa kulaumiwa. Niliona uso wake umebadilika. Akamgeukia mkunga, akamwomba ule ukosi auone tena.

Mteja alikuwa amesimama getini muda wote. Kwa upole uleule akaniambia atafikiria.

Jumatano, 12 Machi

Kikao cha dharura. Nimevuliwa ukatibu. Kwa utaratibu kamili, kura zote, hata yangu, maana niliinua mkono kwa kuchanganyikiwa nikidhani tunapigia kura chai.

Katibu mpya ni Mama Mkwe! Hana hata gari! Bwana Utaratibu anasema katiba yao haisemi mwanachama awe na gari, inasema awe ameponyokwa nalo. Na yeye ameponyokwa kuliko sisi sote.

Ameongea na waandishi wa habari. Macho mabovu yote yale, lakini kamera aliiona vizuri.

Nilikwenda kwa mkunga kuomba radhi. Alinisikiliza mlangoni. Akasema radhi ameipokea, ila ndani hanikaribishi bado. Nikarudi na njia yangu. Haki yake.

Mama Watoto hanisemeshi. Jiwe ameliweka upande wangu wa kitanda.

Ijumaa, 28 Machi

Tumeshinda! Wameshinda, yaani. Kampuni imetangaza: magari yote ya aina ile yarudi, giaboksi zibadilishwe bila malipo, na wenyewe wasiyaendeshe hadi hapo. Mhandisi ndiye aliyesoma tangazo. Alisoma akiwa na sauti ya mtu aliyelala vizuri.

Nilifurahi kweli. Nilimwona mkunga dukani kwa fundi cherehani, anamshoneshea binti yake ukosi mpya. Mtoto alikuwa anazungukazunguka na kiti cha cherehani. Nikasimama nje nikatazama. Mimi nami nina mchango wangu. Kama ningeweka jiwe, kioo kingevunjikaje? Nimemweleza Bwana Utaratibu hoja hii. Amesema niilete kwa maandishi kwa katibu.

Kwa Mama Mkwe! Basi, nimeiacha.

Jumamosi, 12 Aprili

Gari limerudi. Giaboksi mpya, bodi imenyooshwa, kioo cha pembeni kimerudishwa! Nimepanda mlima wa mataa bila hata kurudi hatua. Muuza mikate aliponiona alipanda ukingoni na baiskeli yake yote. Nikampungia mkono.

Nimeegesha kwenye mteremko wa kwetu, P, imeshika. Mama Mkwe, ambaye tangu awe katibu hajarudi kwao, hata hivyo alishuka na jiwe, akaliweka, akagonga bodi. Fundi wa magari anasema giaboksi ni sawa, ila waya wa hendibreki kampuni haikuugusa, haukuwa kwenye tangazo. Anasema nisikawie kuutengeneza, maana P peke yake haitoshi mlimani. Mafundi nao! Ukiwasikiliza hutauza kitu.

Kwa sababu sasa ndio wakati. Kila mtu anajua magari haya yamewekewa giaboksi mpya, bei imepanda. Tangazo nimeshaliandika: giaboksi mpya kabisa, hendibreki inashika kama gundi. Mteja mmoja ameshapiga, ana sauti ya upole. Nimemwambia aje Jumatatu. Nyumbani kwetu kuna mteremko, kwa hiyo nitamngoja kule juu palipo tambarare.

Jiwe limeharibu picha mbili za kwanza, nimelitoa nikalitupa nyuma ya tangi la maji. Mama Watoto anaita kutoka ndani, anauliza liko wapi.

Watu wanasema mimi sijifunzi. Waseme tu. Leo, kabla sijapiga picha, nimeianua bukta.