Kampeni Yangu Chini ya Mlima Asego

Alhamisi, 14 Novemba 2024
Nimefika Homa Bay kutoka kwetu Ntimaru, Ukuria. Mgongo umekufa ganzi. Jumamosi wasanii wa hapa mlimani wanamchagua mlezi wa maonyesho yao. Nitakuwa mimi. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, halafu nizeeke nikitazama ng'ombe? Hapana!

Mpinzani wangu ni Teresa. Tulifundisha shule moja. Mpaka leo husema "kitabu yangu".

Kuta zote zimechorwa. Picha nzuri, upatanisho mbovu. "Mji ya Sanaa"! Nimesahihisha kwa chaki. Mchoraji wake, Dishon, akaniuliza kama mimi ni askari wa kaunti.

Ijumaa, 15 Novemba
Nimepanda karakana hadi karakana. Magoti yanalia. Kila mahali nimetamka sentensi moja, fasaha: naomba kura. Mapokezi ya ajabu! Lynnet, mfinyanzi, akaniletea ugali na samaki mzima, ngege. Kwa Dishon, ugali na omena. Nikamweleza kwamba nimeshiba, ila bado naomba kura. Akatazamana na mkewe. Sahani ya pili ikaja. Mke akasema huyu jaduong', yaani mzee, ana tumbo la kijana.

Teresa yeye anapita akisalimia watu kwa Kijaluo tu. Namhurumia. Silali vizuri. Tumbo.

Jumamosi, 16 Novemba
Teresa ameshinda. Kura zote! Mimi sina hata moja.

Nimemdai Dishon maelezo. Akasema, pole jaduong', lakini wewe hukuomba kura, uliomba kula, na mgeni akiomba chakula hanyimwi. Akaongeza kwamba Wakuria aliozoea kuwasikia husema "kura ugari", ila mimi nimeikimbia hiyo r mpaka nimeipoteza kabisa.

Upuuzi! Kweli, chuoni mkufunzi alinikemea kwa r hiyo, nami nikajirekebisha. Ndiyo elimu! Nikasimama mbele ya wote, nikalitamka neno hilo polepole, mara tatu.

Lynnet akainuka kuinjika sufuria.

Jumapili, 17 Novemba
Teresa amekuja kunipa pole. Ameniomba, kwa upole mno, nirudi nyumbani nipumzike. Nimechoka kweli. Lakini siwezi kuwaacha watu hawa hivi. Tatizo nimeligundua: ni masikio yao. Nimewatangazia somo la matamshi, kesho asubuhi, bure.

Tutaanza na herufi r. Nitatamka, wao watafuatisha.