Jarvi Bado Yu Hai, na Anataka Kuoa

Killarney, Ireland

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Pole kwa kazi ya kuchunga maneno. Mimi ni Batty Gearon, mwendesha kigari cha farasi hapa Killarney, yaani jarvi, kama marehemu baba na babu. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nimekasirika.

1. Kamusi yako inasema "jarvi" ni neno la zamani. Bwana, leo asubuhi jarvi amekunywa chai, amemlisha farasi na kuilaani mvua. Ungepiga hodi kwanza kabla ya kutuzika.

2. Unasema eti neno limetokana na Jarvis fulani, dereva wa London, na pengine alinyongwa. Mimi huwaambia abiria limetokana na babu wa babu yangu, aliyemshusha malkia njiani kwa vile malkia huyo alimtukana farasi. Hapa kila jarvi ana asili yake ya neno hilo, na hatubishani mbele ya abiria. Wewe umenibishia mbele ya dunia nzima!

3. Hili ndilo linaloniumiza. Nilimchumbia Nóra Tangney, mjane muuza mikate, nikimrudisha kwa kigari kutoka kanisani. Nilimwambia ataolewa katika ukoo uliozaa neno. Kisha dada yake akamsomea kamusi yako. Jana Nóra kanifokea mbele ya wateja: "Nenda zako, Batty, wewe na malkia wako! Katika yote uliyoniambia siku ile, lipi la kweli?" Nampenda yule mwanamke.

Kwa hiyo naomba umfute Jarvis, uandike Gearon. Ikishindikana, njoo umweleze Nóra mwenyewe. Nitakubeba bure, hata kukiwa na mvua.

Wasalimie wapiga chapa, wake zao, na mzee yeyote hapo ofisini aliyewahi kumiliki farasi.

Wako mtiifu mwenye kinyongo,
Batty Gearon

Tanbihi: Nóra ameninyang'anya barua hii nikienda posta na kigari, akaisoma yote, akacheka hadi machozi. Kumbe naye ni binti wa jarvi, na hadithi ya malkia hakuiamini hata siku moja. "Ulinichumbia umeshika hatamu," kasema. "Jarvi akiwa kitini nani anamwamini? Hebu shuka, useme tena." Nimeshuka, nikasema tena, miguu ndani ya mavi ya farasi. Amekubali! Basi mwache Jarvis wa watu alipo. Malkia hakupanda kigari chetu kamwe, na harusi ni baada ya Pasaka.