Ombi kwa Kamati Imteue Mtu Awe Ndiye Aliyeoka Keki ya Chungwa

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wapangaji,

Pokea salamu zangu kutoka ghorofa ya tatu, mlango wenye zulia la kijani. Natumai goti lako limepata nafuu na kwamba mama wa nyumbani kwako hajambo. Sisi huku juu tu wazima, ila mimi roho haijatulia. Nimeona nikuandikie badala ya kushuka kukugongea mlango, kwa sababu nikianza kusema kwa mdomo hasira hunitangulia, na ya maana yote nayasahau.

Naandika nikijua fika kwamba wewe si mtu wa kusifu-sifu. Tangu nikufahamu sijakusikia ukisema kitu chochote ni kizuri. Hata lifti ilipokuwa ikifanya kazi ulisema ina kelele. Kwa hiyo sitegemei unisifu kwa barua hii, nategemea kamati ichukue hatua.

Kisa chenyewe ni hiki. Mke wangu anajifunza kuoka. Dada yake alipohama alituachia oveni, na mama watoto, mtu aliyepika maisha yake yote kwa kukadiria kwa jicho, akaanza kupima. Alinunua mizani ya jikoni. Akawa anasikiliza kipindi cha mapishi redioni kalamu ikiwa sikioni, na ole wako ukohoe wakati mtangazaji anataja vipimo. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu, sifichi. Mikate iligoma kuumuka. Biskuti zilishikana zikawa kitu kimoja kikubwa, ikabidi tuzivunje kwa mchi. Keki ya kwanza niliibeba kwenda nayo dukani kwangu, na mpaka leo ndiyo inayozuia mlango usijifunge upepo ukivuma.

Mimi, kama unavyojua, nauza magodoro. Kazi yangu ni kusifu kitu kutwa nzima mbele ya mtu asiyetaka kununua. Basi kila trei ilipotoka ovenini nilisifu. Nilimwambia ni laini. Nilimwambia imeshiba vizuri. Nilimwambia ukiibonyeza inarudi juu yenyewe. Mume gani angesema vingine, na mwenzake amesimama pale mbele yake na unga mpaka kwenye nyusi? Majirani nao waliopelekewa sahani walituma shukrani nyingi, na mambo yakawa yanakwenda barabara mpaka siku alipooka keki ya chungwa.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, ili kamati isije ikasema haikuelewa.

1. Nalalamikia lifti. Tangu ife, katika jengo hili kitu kizito hakipandi, kinashuka tu. Keki ile ilitoka ikiwa imeungua chini, kavu katikati, na nzito hata mke wangu aliibeba kwa mikono miwili kumpelekea fundi cherehani wa ghorofa ya pili. Lifti ingekuwa nzima, fundi angeipandisha juu kabisa kwa watu tusiojuana nao, na habari ingeishia huko. Lakini angepanda nayo vipi? Ikashuka. Kwa hiyo chanzo cha yote haya ni kamati.

2. Nalalamikia fundi cherehani. Hakuila, na hilo namsamehe. Lakini aliona haya kuipitisha ikiwa vile ilivyo, akachukua mkasi wake wa kukatia suti akaipunguza. Aliondoa sehemu yote iliyoungua, akanyoosha kingo mpaka keki ikawa na umbo la heshima. Nani alimwagiza? Mtu akipewa keki mbaya na jirani, ustaarabu ni kuitupa kimyakimya na kusema asante. Yeye akaiweka kwenye sahani yake mwenyewe akaiteremsha kwa nesi, akisema imetoka kwa jirani.

3. Nesi mstaafu wa ghorofa ya kwanza. Huyu ndiye hasa! Aliigonga keki kwa kidole, akaisikiliza, akaona imekaukiwa maji mwilini. Akakamua machungwa, akachemsha maji yake na sukari, akafungua bomba jipya la sindano, na akaichoma kila upande mpaka katikati. Kisha akaifunika kwa kitambaa ipumzike, akawa anapita kuikagua. Alipoona imepata nafuu, akairuhusu. Mwanamke aliyestaafu kwa heshima zake zote!

4. Nyumbani kwako, Mwenyekiti. Naomba usikunje uso. Keki ilipofika kwenu huko chini, mama alikuwa na sukari ya unga iliyobaki, akaipaka aisingi na kuikwangulia ganda la ndimu juu. Wewe hukujua lolote kwa sababu ulikuwa uani unagombana na fundi bomba. Na kwa kuwa tumefika mlangoni kwako, nina la ziada. Katika jengo zima ni wewe peke yako ambaye hujawahi kuonja keki ya mke wangu hata moja, wala kutuma neno la shukrani. Kila sahani iliyokufikia uliipitisha bila kuigusa. Mke wangu hulitaja jambo hilo. Linamuuma.

5. Bawabu. Mama alimpa yeye ile keki, na yeye, kwa kuwa mke wangu humpelekea chai asubuhi, akaona hana kingine cha kumshukuru nacho. Ndiye pekee kati yetu mwenye miguu ya kupandia. Akapanda nayo hadi kwetu, akamkabidhi mke wangu kwa mikono miwili, akasema inatoka kwa jirani wa humu humu. Hakusema uongo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ungemwona mke wangu siku ile! Alikata kipande akaonja akiwa amesimama. Kisha akaketi juu ya debe la unga. Kipande cha pili kilimtoa machozi. Akasema hiyo ndiyo keki aliyonayo kichwani tangu aanze kujifunza, anaitafuta haipati, yenye chungwa lililofika mpaka katikati. Akaniuliza ni nani humu ndani anaoka namna hii na yeye hana habari. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaitambua keki yetu kwa kona moja iliyobonyezwa na mlango wa oveni, ambayo mkasi wala aisingi havikuificha. Nikajitia hamnazo. Baadaye nilimbana bawabu ngazini, akanieleza yote niliyokuandikia hapo juu.

6. Nalalamikia mwokaji huyo asiyekuwepo. Ameivuruga nyumba yangu. Mke wangu amemtafuta mlango kwa mlango, akinusa. Ametundika aproni mpya mwanzo wa ngazi, na kikaratasi cha kumwomba mwenye keki aipokee kama zawadi na ajitokeze. Aproni imechukuliwa. Aliyeichukua hajajitokeza, na kamati ilichunguze hilo nalo.

Sasa sikia linaloninyima raha. Jumamosi ya wiki ijayo binti yetu anaolewa. Mwenyewe alimwomba mama yake amwokee keki ya harusi, akasema ya dukani hataitazama hata wakiipaka dhahabu. Mama mtu alifurahi mpaka akawa anaimba akichekecha unga. Sasa amekata kauli kwamba hawezi kumwaibisha mtoto mbele ya wakwe, na huku fundi wa kweli anatumia ngazi moja na yeye. Mwokaji huyo akipatikana ndiye atakayeoka, asipopatikana harusi itapita bila keki. Oveni ameifunika kitambaa, na juu ya kitambaa ameweka chungu cha maua. Nyumba haina harufu ya kitu chochote. Nikirudi kazini namkuta ameshika tama dirishani, nami sina raha, Mwenyekiti, wala siwezi kulificha.

Utaniuliza kwa nini nisimwambie tu ukweli. Nimelifikiria. Nikisema keki ile ni yake, itanibidi nieleze kwa nini ilizunguka nyumba tatu bila kuliwa. Nikieleza hilo, atataka kujua mbona mimi nilimwambia ni laini, imeshiba, na ukiibonyeza inarudi. Hapo nitajibu nini? Mtu akigundua godoro moja lina kasoro, hurudi dukani kukagua yote. Kwa hiyo ukweli nimeuweka kando, na badala yake naomba kwa heshima na taadhima mambo yafuatayo:

(a) Kamati imteue mpangaji mmoja awe ndiye aliyeoka keki ya chungwa. Asiwe nesi, kwa sababu hawezi kudanganya bila kucheka. Asiwe fundi cherehani, ana mdomo. Mteule ajipake unga kwenye viwiko, aje kwetu ajitambulishe, na akiombwa kuoka keki ya harusi akatae kwa unyenyekevu, aseme kazi hiyo inamstahili mama wa bibi harusi peke yake.

(b) Asipopatikana wa kukubali, kuna kile chumba kitupu cha ghorofa ya pili. Kamati itundike pazia dirishani na kuweka viatu mlangoni, viwe vinabadilishwa ili ionekane mtu anatoka na kuingia. Mke wangu akibisha hodi, bawabu amwambie wamepishana sasa hivi tu.

(c) Baada ya hapo mwokaji atangazwe kuwa amehama. Afanyiwe hafla ya kuagwa, bila yeye mwenyewe kuwepo, maana atakuwa ameshahama. Hafla haiwezi kukosa keki, na mwokaji ndiye huyo aliyeondoka, hivyo itabidi mke wangu aoke. Wewe utatoa hotuba. Ukiweza kulia kidogo, tutashukuru.

(d) Mkono wake ukishachangamka, ataoka keki ya harusi, nayo ishuke kwa utaratibu ule ule: fundi apunguze, nesi achome, mama wa kwako apake, kisha iende ukumbini. Kwa ajili hiyo naomba lifti isitengenezwe kabla ya Jumamosi hiyo. Najua hapo juu nimeilalamikia. Nilikuwa sijafika hapa.

Sidhani kama naomba makubwa. Kamati iliyoweza kukaa kikao kizima kujadili rangi ya ndoo za taka haiwezi kushindwa kumpata mtu mmoja asiyekuwepo.

Nisalimie sana mama, umwambie aisingi yake ilikuwa safi lakini asirudie bila idhini. Msalimie nesi, fundi cherehani na mashine yake, fundi bomba kama mmeshapatana, na huyo aliyechukua aproni, popote alipojificha. Bawabu nitamsalimia mwenyewe, kwa kuwa ndiye atakayekuletea barua hii.

Ni mimi mpangaji wako mwenye subira iliyobaki kidogo,

Muuza Magodoro,
Ghorofa ya Tatu.

Nyongeza: Mwenyekiti, kabla sijaifunga bahasha limetokea jambo. Nilipokuwa naandika ile sehemu ya hafla ya kumuaga mwokaji, mke wangu alipita akaniwekea kipande cha keki karibu na kiwiko. Kumbe mchana aliondoa chungu cha maua. Alisema haoki kwa ajili ya harusi wala nini, ila swali lilikuwa linamsumbua: yule mtu aliwezaje kulifikisha chungwa katikati? Amewaza mpaka akapata. Akaichoma keki kwa sindano ya kufumia ikiwa bado ya moto, akaimiminia maji ya chungwa polepole. Na safari hii haikuungua chini, kwa sababu amejua sasa trei ikae wapi.

Mimi nilikula bila kutazama, mawazo yote yakiwa kwenye viatu vya mlangoni. Nilikuja kushtuka nalamba sahani.

Ni tamu. Sisemi kama mume, wala sisemi kama muuzaji. Ni tamu, Mwenyekiti! Nikainuka mbio mpaka jikoni nikamwambia ni laini, imeshiba, na ukiibonyeza inarudi. Akatabasamu. Akanipapasa bega, akasema asante baba watoto, wewe husema hivyo siku zote, na akaendelea kukunjua kitambaa afunike oveni yake. Nikamwapia. Akasema anajua. Nikabaki nimesimama pale na sahani mkononi, natafuta neno jingine, sina. Yote niliyatumia kwenye zile zilizovunjwa kwa mchi.

Kwa hiyo futa (a) mpaka (d). Namba ya nne pia ifute, ile ya kwamba hujawahi kumsifu. Katika jengo hili kila mtu ameshamwambia keki yake ni tamu, isipokuwa wewe, na sasa hakuna mwingine atakayemwamini. Njoo uonje mbele yake. Ikiwa mbaya, mwambie ni mbaya. Ikiwa si mbaya, mwambie hivyo hivyo, kwa uso wako huo huo.

Najua ni ngazi nyingi kwa goti lako, lakini panda polepole ukishika ukuta. Kipande chako nimekifunika kwenye sahani ya maua ya bluu. Sikumpa bawabu akuletee, kwa sababu kikishuka tu watu wataanza kukitengeneza, na hiki hakihitaji mkono wa mtu.