Naibu Meya Azindua Kituo cha Kupima Nguruwe Mwitu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Wawindaji wa Gorno Drenovo, Mzee Dobri. Baba Padri, uliyekuja kubariki na ukabaki kwa ajili ya chakula. Waheshimiwa wajumbe wa baraza mliopo, mlio njiani na mliotuma udhuru. Mwalimu Mkuu wa shule iliyofungwa. Mabibi, mabwana na mbwa wa kuwindia: mimi, Krastyo Valchinov, Naibu Meya wa Misitu, Mifugo, Utamaduni na, tangu Jumanne, Visima, nawasalimu. (Makofi. Mbwa mmoja anabweka.)

Ndugu zangu, suala la kubaini kama nguruwe mwitu anafaa kuliwa limeendeshwa kienyeji mno hapa kwetu. Mnampiga, mnamkata mafungu, mmoja wenu anageuza mgongo, mwingine anagusa fungu na kuuliza "La nani hili?", na aliyegeuka anataja jina. Utaratibu wa haki kabisa, ila minyoo nayo inagawiwa kwa haki hiyohiyo. (Kicheko.) Kisha mnanusa, mnamwonjesha paka wa jirani, mnasubiri hadi asubuhi. Mzee Dobri anasema rakia, ile pombe kali yetu ya matunda, inaua kila kitu. Mzee wangu, kwa kiasi unachokunywa, mbu wa bonde zima wangekuwa wamekwisha kwa kukuuma. (Dobri: "Mbona wamepungua.") Na mwaka juzi soseji za kina Mitko zilikaa darini kwenye moshi wiki tatu, na bado nusu ya mtaa ilivimba macho kwa minyoo hiyo.

Ndipo ofisi yangu, kwa mchakato shirikishi wa wadau, upembuzi yakinifu na vikao kumi na tisa vyenye chai, ikabuni kituo hiki cha kisasa. (Radka, mjane wa mhunzi, ananyoosha mkono: "Samahani mheshimiwa, mie namwoza binti yangu Jumamosi. Wageni themanini, soseji za nguruwe mwitu kilo arobaini. Ile sampuli niliyokupa imetokaje?")

Mama Radka, swali lako limo ukurasa wa tano, vuta subira. Wapo waliotuletea ini, yupo aliyetuletea mkia. Sisi tulitaka kiwambo, ule msuli unaotenga mapafu na tumbo, maana ndimo minyoo inapopenda kujificha. Mama Radka peke yake alileta kinachotakiwa, ukubwa wa kibiriti, kwenye karatasi safi, nasi tukakihifadhi kitaalamu ndani ya jokofu la ofisi, jirani na mtindi wa katibu wangu. Mpigieni makofi. (Makofi. Radka hapigi.)

Sasa takwimu. Tangu mradi uanze tumepokea sampuli mia moja arobaini na mbili, na nasema kwa fahari kwamba hakuna hata moja iliyoonekana na mnyoo. (Makofi marefu. Sauti: "Kwani zimeangaliwa?") Kuangalia ni awamu ya pili, ndugu yangu, tusirukie mambo.

(Radka: "Mheshimiwa, niwalishe watu au nisiwalishe? Mwenzio sina nyama nyingine. Na wewe Jumapili ulimpiga dume kubwa, umemla?") Nimemla, mama, na alikuwa mtamu. (Radka: "Alipimwa wapi?")

(Naibu Meya anakunywa maji. Anaruka kurasa kadhaa.)

Tumalize kwa kaulimbiu. Nikisema "Nyama", nanyi mseme "Imepimwa". Nyama! (Umati: "Wapi?") Drenovo! (Umati: "Imepimwa wapi?")

Basi, ahsanteni sana. Nawashukuru kwa kujitokeza kwa wingi kwenye kiwanja hiki cha kanisa. Nawashukuru wenye miti hii miwili ya plamu niliyoifungia utepe, kwa sababu ukuta wa kuufungia haupo. Hadubini haipo. Mtaalamu tulimwandikia barua, nayo nimeikuta leo kwenye koti langu. Na namshukuru kwa moyo wote Daktari Elenkova wa mifugo, kule Kamenitsa, aliyempima dume langu Jumatatu kwa muda wa saa moja tu, nami ndipo nikathubutu kumla. Mama Radka, sampuli yako hii hapa, bado ina baridi. Basi la Kamenitsa linapita saa saba na robo, na kesho daktari hayupo kazini. Ukilikosa, mama, nakuomba sana, harusini wapikie maharage.

(Radka ameshafika barabarani.)