Shanta la Shaame

London haina huruma na mtu mwenye njaa. Shaame alisimama mbele ya kibanda stesheni ya Victoria, akaisoma bei ya chai, akaisoma tena akidhani ni namba ya simu. Mwezi mzima alizunguka Ulaya na shanta lake mgongoni, akila kwa ulimi wake tu, na basi lake la Paris lilikuwa la usiku. Ilibaki kutwa nzima ya mvua ya rasharasha na tumbo tupu. Ndipo akamsikia mwanamke pembeni akilalama kwenye simu kwa Kiunguja safi.

"Sasa n'tampata wapi mtu anayekwenda Unguja leo? Mama hawezi kupanda ndege peke yake!"

Wapo watu wakisikia shida ya mwenzao husikitika. Shaame alisikia harufu ya biriani.

"Samahani, dada. Mimi nakwenda. Ndege ya leo usiku."

"Ile ya saa mbili?"

"Hiyo hiyo."

"Alhamdulillahi! Ndiyo ya mama!"

Zainab, ndilo jina lake, alimchukua mbio hadi kwake Barking. Biriani ikaja, sambusa zikafuata, juisi ya ukwaju ikashuka taratibu. Na habari kwamba kuna mtu anakwenda nyumbani ikaenea kama moto wa makuti. Majirani wakaanza kugonga mlango na mafurushi. Bi Miska, mamake Zainab, alikuwa na sanduku moja dogo tu, lakini hakuna aliyethubutu kumwomba.

"Mimi sibebi amana ya mtu," alisema kutoka kwenye kochi. "Ikipotea, n'tamjibu nini Mungu?"

Basi wote wakamwendea Shaame. Manukato, simu mbili, vitamini, viatu vya bibi harusi, hata sufuria. Yote alipokea kwa mikono miwili, na namba yake ya simu akawaachia. Mwisho akaja Harith, dereva wa teksi, na kiboksi kidogo.

"Mashine ya masikio ya babangu, kaka. Miaka miwili nampigia simu, hanisikii. Nimeidunduliza hii kwa kukesha barabarani. Tafadhali, ifike."

Shaame alikipokea machozi yakimlengalenga. Moyoni alikwishaanza kupigia hesabu bei yake Paris. Jamani, mtu huyu! Kazi yangu ni kusimulia tu, lakini hapo nusura niingie ndani ya hadithi nikamzabe kofi.

"Tukulipe nini kwa kilo, kaka?" aliuliza Harith.

"Astaghfirullahi! Dua zenu tu."

"Na mizani?" Bi Miska akauliza. "Hupimi?"

"Mama, vitu vya watu havipimwi, vinabebwa."

Watu wakasema mashaallah. Bi Miska akanywa chai yake. Kisha akamtazama.

"Na hilo jaketi, mwanangu? Unguja sasa hivi jua la utosi. Litie humo humo."

Shaame akasita. Nje baridi ilikuwa ikichoma. Lakini mtu anayekwenda Unguja atasema nini? Akalivua, akalishindilia, zipu ikafungwa kwa goti.

Mpango wake ulikuwa mwepesi: wakifika uwanja wa ndege, ataomba kwenda chooni na shanta lake, kisha treni, kisha basi la Paris. Lakini tangu garini Bi Miska alikuwa amelipakata shanta, na hata alipowekwa kwenye kiti cha magurudumu hakuliachia.

"Nipe, mama, nikupunguzie uzito."

"Wacha, si zito. Kaniletee maji kwanza, koo limenikauka."

Foleni ya maji ilikuwa ndefu, na bei yake nayo ilimfanya abishane na muuzaji. Aliporudi alimkuta Zainab peke yake, uso umejaa furaha.

"Mama keshaingia! Kasema kilo zake za mzigo zilikuwa hazijajaa, kalipitisha shanta lako kwa jina lake ili usihangaike. Kakuachia hii. Haya kimbia, usiachwe!"

Akamkabidhi mizani ndogo ya mkononi. Shaame akakimbia kweli, akajibanza nyuma ya nguzo mpaka Zainab alipoondoka. Tiketi ya basi ilikuwa mfukoni mwa jaketi, na jaketi lilikuwa linapaa.

Kesho yake jioni alikuwa kwenye benchi Victoria, na shati lake jepesi, mizani mapajani. Simu ikaleta sauti ya Bi Miska.

"Mwanangu, amana zote zimefika. Anayekwenda kwao hugombana na watu hata kwa uzito wa soksi moja, wewe ukapokea sufuria. Nikajua huendi popote. Jaketi nimempa babake Harith, linamkaa vizuri. Aibu yako nimeisitiri, sijamwambia mtu. Siku nyingine, pima."

Nyuma ya sauti yake mzee mmoja alikuwa akipiga kelele, "Nakusikia, Harith! Nakusikia, mwanangu, usilie!"

Shaame hajaiweka chini simu, ikalia tena. Alikuwa Harith, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Kaka, baba kanisikia! Mungu akupe kila la kheri, watu kama wewe hawapo tena! Vipi huko Unguja, joto?"

Meno ya Shaame yalikuwa yanagongana. Akayabana kwa nguvu zake zote.

"Kali, ndugu yangu," akasema. "Joto kali."