Ndege Yangu ya Mianzi, Mpuguso

Jumapili, 27 Juni 1971
Habari kubwa! Baada ya ibada, Mwenyekiti Zebedayo katangaza kwamba kijiji chetu cha ujamaa kitatoa mtu mmoja kwenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa ndege. Atachaguliwa Saba Saba, kwa kazi ya mikono yake. Mtu huyo ni mimi. Nani mwingine? Mwaka wa Uhuru nilifanya kazi uwanja wa ndege Mbeya, nikifukuza ng'ombe. Hakuna ng'ombe aliyekanyagwa zamu yangu. Tangu hapo naota mabawa tu. Nataka kupaa kabla sijazeeka.

Jumanne, 29 Juni
Mianzi nimekata. Kitambaa nimepewa na Jaffari, mwenye duka Makandana, kwa sharti bawa la kushoto liandikwe jina la duka lake. La kulia litaandikwa Uhuru na Kazi. Kumbe Ezron naye anagombea! Ezron fundi baiskeli! Katengeneza feni ya pedeli. Anasema ndege yangu ni tiara la mtu mzima. Nimemjibu kwamba feni haijawahi kumfikisha mtu popote.

Ijumaa, 2 Julai
Tatizo. Anatakiwa mtu wa kukimbia mbele yangu mteremkoni, akivuta kamba mpaka nipae. Wanaume wamekataa katakata. Hawataki kwenda kutoa ushahidi polisi. Mke wangu Atupokile kakubali. Huyu hubeba mkungu wa ndizi toka Ikuti bila kupumzika. Tumejaribu jioni. Niliinuka! Usawa wa magoti, lakini niliinuka! Atupokile alicheka mpaka akakaa chini. Nampenda sana mwanamke huyu.

Nimempelekea baba mwaliko. Husema mimi ni maneno matupu. Aje aone! Nimeagiza asimame chini mteremkoni, panapoonekana vizuri. Nimefikiria kila kitu.

Jumatano, 7 Julai, Saba Saba
Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa.

Kwetu Wanyakyusa mke hakutani na baba mkwe wake. Akimwona, anakimbia na kujificha. Ndiyo heshima yenyewe. Kila mtu anajua. Hata mimi najua. Nilisahau! Atupokile alikuwa akikimbia ajabu, watu wanashangilia, mimi niko juu ya migomba, naona paa la ofisi ya TANU. Mara baba huyo mbele, na fimbo yake, pale pale nilipomweka. Atupokile alipiga yowe, akaachia kamba, akatumbukia migombani. Ndege ikageuka ikatua juu ya zizi la mwenyekiti. Baba alinisogelea, akasema ndaga fijo, yaani ahsante sana. Akaongeza kwamba mke wangu ana adabu, angalau nyumbani kwangu kuna mtu mmoja. Halafu akaenda zake.

Kachaguliwa Ezron.

Alhamisi, 8 Julai
Nimelia. Basi, nimelia, na nani ananiona? Ezron kaja kuaga. Kauliza kwa upole mabawa hushikaje upepo. Nilitaka kumfukuza, lakini nikamweleza mpaka chai ikapoa. Alitikisa kichwa kwa heshima na hakuelewa kitu. Na ndiye anayekwenda. Inauma jamani.

Jioni Atupokile kaniomba radhi. Nimemwambia asijilaumu, kosa lilikuwa la mkia wa ndege. Ulikuwa mfupi.

Jumamosi, 10 Julai
Atupokile kaniomba niachane na ndege, nizibe paa. Linavujia kitandani. Ana haki kabisa. Nimemwapia: ndege basi! Mume mwenye akili hutunza nyumba yake. Nikachukua nyundo kwa mkono wa kushoto, nikapanda.

Huku juu upepo wa mlima Rungwe unakupiga usoni moja kwa moja. Bati linateleza vizuri mno, halihitaji hata magurudumu. Na baba, kwa magoti yale, hapandi ngazi. Atupokile akivutia kamba huku huku juu, hatakutana na mkwe wake maisha yake yote!

Kaniuliza toka chini kama nimemaliza kuziba. Nimemwomba alete kamba.