Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Usalama wa Printa, Kimasit

Mwenyekiti wa Kamati Andalizi, Naibu Mwenyekiti wa Kamati Andalizi, Chifu Kipkosgei, wachungaji mliopewa dakika moja ya maombi mkatumia arobaini, wajumbe kutoka Kaplong, Roret na Mogogosiek, wakulima mlioacha majani chai yakomae shambani kwa ajili yangu, mabibi na mabwana, hamjambo. (Hatujambo.) Hamjambo tena. (Mvua inaanza.)

Nasimama hapa kama Mratibu Mkuu wa Mageuzi ya Kidijitali, cheo ambacho kabla yangu hakikuwepo. Mtakumbuka kwamba Januari nilipiga marufuku barua za chifu zilizoandikwa kwa mkono, kwa sababu karne imebadilika, na kwamba wiki tatu zilizopita printa ya ofisi ya chifu iligoma ikidai karatasi kubwa ambazo hatujawahi kununua. Karani wetu Mosoti akasema ni kitu kidogo, ataingia kwenye ukurasa wa settings za printa kupitia brauza arekebishe saizi. Akafungua. Nami nikiwa nyuma yake, kwa macho yangu haya, nikasoma maandishi mekundu: muunganisho huu si salama, cheti hakiaminiki. (Minong'ono.)

Mosoti akaniambia, "Bosi, printa ni hii hapa kwa meza, waya ndio huu. Imejipa cheti yenyewe, ndiyo maana brauza haiijui. Wacha nibonyeze kuendelea." Nawauliza, wananchi, nani katika nchi hii hujipa cheti mwenyewe? Ukitaka kitambulisho, barua ya chifu. Ukitaka kusafirisha ng'ombe, barua ya chifu. (Kweli.) Basi nikaagiza, kwa busara iliyonifikisha hapa, printa nayo ilete barua ya chifu kuthibitisha kwamba ni mkazi wa Kimasit na ina tabia njema. Chifu akaiandika siku hiyo hiyo kwenye kompyuta. Inangoja kuchapishwa. (Kicheko. Chifu anatazama viatu vyake.)

Chekeni, lakini takwimu hazicheki. Asilimia mia moja ya printa zetu, yaani hiyo moja, haijavamiwa na adui yeyote tangu niifungie ofisini na kuiwekea askari wawili. Niliunda kamati ya watu kumi na tisa, ikaenda benchmarking, yaani kujifunza kwa wenzetu, katika hoteli moja Naivasha kwa siku nne, ikarudi na pendekezo zito, kwamba iende tena. (Makofi, upande wa kamati.)

(Mama Rodah anasimama mstari wa mbele. "Mheshimiwa, na barua yangu? Shule imekubali kusajili msichana wangu kwa mtihani nikileta barua ya chifu, na usajili unafungwa leo saa kumi na moja. Nimekuja hapa mara sita.")

Mama, keti. Wewe unafikiria mtoto mmoja, mimi nafikiria mfumo. Mwaka ujao pia kutakuwa na mtihani. ("Na yeye atakuwa wapi mwaka ujao? Kuchuna chai na mimi?") Kuchuna chai ni kazi ya heshima, mama, mimi huisifu katika kila hotuba.

(Mosoti anainuka kutoka nyuma, anamgusa Mama Rodah begani. Wanaelekea ofisini. Mlangoni hakuna mtu: askari wote wawili wamemshikia mheshimiwa mwavuli.)

Kwa hivyo nikisema printa, semeni salama. Printa. (Salama, watu wanne.) Cheti. (Watu wanafungua miavuli.)

Kwa kumalizia, namshukuru Mellen mwenye cyber ya sokoni, aliyenichapishia asubuhi kurasa hizi kumi na moja kwa printa isiyo na ulinzi wowote. Namshukuru mchoraji wa ramani, ambaye tutamtafuta. Namshukuru mkandarasi, ambaye zabuni yake itatangazwa ramani ikipatikana. Na namshukuru Mzee Bethwel, kwa sababu Kituo ninachozindua, mkitazama nyuma yangu, kiko katika shamba lake la chai, na bado hatujamwambia. (Mzee Bethwel anasimama.)

Mzee, subiri. Hiyo ni sauti gani ofisini?

(Printa. Mama Rodah anatoka mbio katika mvua, karatasi chini ya leso. Chifu anamfuata na muhuri. Ni saa kumi na robo.)

Kama nilivyoahidi, wananchi, mradi umekamilika kabla ya wakati. Mwandishi wa kumbukumbu, andika ni chini ya uongozi wangu. Na huyo Mosoti anione Jumatatu saa mbili, aje na barua ya kujieleza. Iwe imechapishwa.